Aliyewaita Polisi

Hospitalini walimwita Pasi, na jina likamganda mpaka orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni ikawa inaandikwa hivyo hivyo. Miaka kumi na mmoja nilifanya naye kazi kwenye chumba cha kufulia, mashine moja, yeye upande wa kuingizia mashuka, mimi upande wa kupokelea. Ni mashine ndefu ya kupigia pasi, yenye rola la chuma lenye moto, na asiyeijua huondoka siku ya kwanza na malengelenge vidoleni. Yeye aliijua kama mtu anavyomjua mume mkorofi. Ikigoma aliigonga ubavuni, ikienda vizuri aliisifu, na kutwa nzima alizungumza kwa sauti nzito isiyolingana na ufupi wake. Siku moja msimamizi alimuuliza kwa nini anacheka sana kazini.

"Mashuka haya yanalaliwa na wanaolia," akamjibu. "Sasa na anayeyapiga pasi naye alie?"

Hakuwa na mume. Aliwahi kuwa naye, wakaachana bila mtoto na bila kelele, akarudi kuishi na mama yake na mdogo wake wa kiume katika vyumba viwili vya kupanga. Ilikuwa nyumba ya wapangaji wengi: milango saba inayotazama ua mmoja wa saruji, bomba moja, bafu moja lenye mlango wa bati, na kando ya geti chumba cha fundi cherehani, mtu mzima mpole aliyeshona hapo tangu Pasi hajaolewa.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa hesabu. Walimwita Chaki, kwa sababu mikono ya mashati yake haikuwahi kukosa vumbi la ubaoni. Pasi alimpenda kwa namna ya kumsema. "Ana digrii," alikuwa akituambia, "lakini akichemsha yai, maji yanakauka yeye bado anasubiri liive." Alipofika miaka ishirini na saba Chaki akaanza kusikia sauti zinazohesabu kurudi nyuma, na hakujua zikifika sifuri kitatokea nini. Shule ikampa likizo, kisha ikampa barua. Kituo cha afya kikampa vidonge vya kila siku na sindano ya kila mwezi. Dawa zilimnenepesha na kumfanya mzito wa maneno, lakini zilimrudisha. Akawa anawafundisha watoto wa wapangaji pale uani, kwa ubao aliouegemeza ukutani na bikari kubwa ya mbao, ile ya kuchorea duara, kitu pekee alichoondoka nacho shuleni.

Wakaenda hivyo miaka saba. Kisha dawa zikaadimika kituoni. Wiki ya kwanza waliambiwa warudi Jumatatu. Wiki ya pili waliambiwa zipo njiani. Wiki ya tatu dirisha la dawa halikufunguliwa kabisa. Pasi alizitafuta mpaka kwenye duka la dawa la hospitali yetu, akakuta za nguvu nyingine, na mfamasia akakataa kumpa bila cheti cha daktari wa Chaki, na daktari huyo alikuwa safarini. Nyumbani Chaki aliacha kulala. Alianza kuandika namba ukutani, kwanza chumbani kwake, halafu nje, na siku moja akaujaza ukuta wa fundi cherehani kuanzia chini mpaka pale mkono ulipofika. Fundi alimkemea. Mama yao akatoka akamkemea fundi, kwamba mgonjwa hafokewi. Wakarushiana maneno mawili matatu mbele ya wapangaji wote, yakaisha.

Asubuhi ya Jumanne ile Pasi alikuwa na zamu ya mchana. Mama yao alikuwa ametoka mapema kwenda kuulizia dawa kituo kingine, mbali, kwa miguu yake mibovu. Chaki aliingia bafuni na bikari yake, akafunga mlango kwa ndani, akafungulia maji. Ikapita nusu saa. Maji yakawa yanapita chini ya mlango mpaka uani. Pasi akagonga.

"Unafanya nini humo, mdogo wangu?"

"Nazifuta."

"Unafuta nini?"

"Namba, dada. Zimeniingia mwilini. Nazikwangua."

Aliposikia neno hilo, kukwangua, na akakumbuka ncha ya chuma ya ile bikari, alikimbilia simu yake. Alipiga simu kituo cha afya. Muuguzi alimwambia hawana gari, wala mtu wa kumshika mgonjwa wa aina hiyo. "Piga polisi," akasema. "Wao ndio hutusaidia kuwaleta." Alimtajia na namba.

Kwenye vyumba vyao simu haikushika vizuri, kwa hiyo Pasi alipiga akiwa amesimama mlangoni kwa fundi cherehani, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Fundi alisimamisha cherehani ili asikie vizuri. Yeye peke yake ndiye aliyemwona na kumsikia akipiga simu ile.

Walikuja wanne. Kiongozi wao alikuwa koplo kijana, uso bado haujakomaa, na kiunoni alikuwa na bunduki ya umeme, kitu cha rangi ya njano kama bunduki ya kuchezea watoto. Pasi aliwapokea getini.

"Ni mgonjwa," aliwaambia. "Hajampiga mtu. Niacheni niongee naye, mimi ananisikia. Nipeni dakika tano."

"Ana silaha?"

"Ana bikari. Ya shuleni."

"Sogea pembeni, mama."

Hawakumpa hata dakika moja. Mmoja aliupiga teke mlango wa bati, ukafunguka. Chaki alikuwa amesimama chini ya maji yanayotiririka, kifua wazi, mikwaruzo myekundu mikononi, bikari ameishika kama mwalimu anavyoishika akiwa katikati ya somo. Walimwambia aitupe. Aliwatazama mmoja mmoja. Pasi anasema mdogo wake alifungua mdomo kuwajibu, na kwamba angejibu, kwa sababu Chaki hakuwahi kuacha swali bila jibu. Koplo akafyatua. Vikatoka vishale viwili vyenye nyaya, kimoja kikamshika kifuani, kingine tumboni.

Alianguka chali kwenye maji. Mwili ulikakamaa, ukaruka, ukakakamaa tena. Wakawa wanampigia kelele aweke mikono nyuma. Mikono haikuwa yake tena, ilikuwa ya umeme. Kila ilipotikisika walisema anakataa kukamatwa, na kila waliposema hivyo koplo alibonyeza. Pasi alikuwa anapiga mayowe kwamba ameloa, jamani ameloa, na polisi mmoja alikuwa amemkumbatia kwa nyuma asisogee. Wapangaji walikuwa milangoni. Hakuna aliyetoka, na mimi siwalaumu.

Walipomgeuza kifudifudi wakamfunga pingu, mmoja akaweka goti katikati ya mabega yake na kubaki hapo mpaka Chaki aliponyamaza. Walimbeba wakamlaza nyuma ya gari, kifudifudi vile vile. Pasi aliomba akae naye. Walimwambia atawakuta hospitali.

Hospitali yenyewe ilikuwa yetu. Siku hiyo mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi. Nilipoitwa nikamkuta kwenye korido ya mapokezi, viatu vimeloa, amesimama mbele ya kitanda cha magurudumu. Mdogo wake alikuwa amefunikwa mpaka juu. Pasi hakulia. Alikuwa anavuta pindo la shuka, analinyoosha kwa kiganja, analivuta tena, kama alivyofanya mara elfu mbele ya ile mashine. Nilimshika mkono nikausimamisha.

"Nimemleta mwenyewe," akaniambia. Nilidhani amechanganyikiwa. Sikumuuliza.

Siku ya maziko wapangaji walianza kunong'onezana. Polisi hawanusi kama mbwa, walisema, lazima kuna mtu aliyewaita. Mama yao, ambaye alirudi siku ile na pakiti ya dawa mkononi akakuta ua umejaa maji na watu, alikuwa na swali hilo hilo moja. Aliliuliza kwa kila aliyekuja kutoa pole. Nani aliwaita? Mtu akakumbuka ugomvi wa ule ukuta, akataja fundi cherehani. Mwingine akasema hata yeye alimsikia fundi akilalamika. Ikatosha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama akasema, akiutazama ule mlango wa karibu na geti. "Hata suruali ya mwisho ya mwanangu aliishona yeye."

Pasi alikuwa amekaa kwenye mkeka, bega kwa bega na mama yake. Aliniambia baadaye kwamba aliuhisi ukweli umefika mpaka kwenye meno. Lakini alimwona mama yake, mwanamke wa miaka sabini aliyetoka kumzika mwanawe asubuhi ile, akafikiri: nikisema leo, atakuwa amemzika na binti. Akameza. Alijiahidi atasema baada ya siku tatu. Zikapita. Akajiahidi baada ya arobaini.

Mama aliacha kuitikia salamu za fundi. Wapangaji wakafuata. Kisha mtaa ukafuata, kwa kuwa habari ya namna hiyo haihitaji miguu. Watu wakapeleka nguo zao kwingine. Fundi alikaa na cherehani yake mlangoni, miwani puani, hana anachoshona. Siku moja Pasi alikuwa anachota maji, fundi akamwita kwa sauti ya chini.

"Binti yangu, mimi sitasema kitu," alimwambia. "Ulikuwa unaomba msaada, nilikusikia. Lakini mwambie mama yako wewe mwenyewe. Jambo hili likikaa sana litaoza."

"Nitamwambia, mzee. Nisamehe. Nitamwambia."

Mwezi wa nne baada ya kifo fundi alihama. Alibeba cherehani kwenye mkokoteni, akaaga wapangaji mlango kwa mlango, na wachache wakamjibu. Pasi alikuwa kazini siku hiyo. Aliporudi akakuta chumba kitupu na ukuta umepakwa rangi. Hatujawahi kujua alikokwenda. Pasi alimtafuta, mimi nikamsaidia. Tuliulizia kwa mafundi wenzake, kwa wauza vitambaa, kwa mwenye nyumba. Kila mmoja alitutuma kwa mwingine, mpaka tukakosa wa kumuuliza.

Ilipita mwaka na miezi minne kabla mahakama haijakaa kusikiliza kilichomuua Chaki. Wakili wa kujitolea alilichukua jambo hilo, dada mmoja mchapakazi, mwembamba, anayezungumza taratibu. Mimi niliomba ruhusa nikaenda na Pasi siku zote tatu. Wakati huo Pasi alikuwa ameshaacha utani kazini. Mashine ikigoma, aliizima akamsubiri fundi mitambo.

Siku ya kwanza, kabla ya kuingia, tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido, yeye ameinama anatafuta kitambaa ndani ya mkoba. Kijana mmoja mwenye sare akapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Pasi akaitikia.

Kisha akainua kichwa. Alikuwa yule koplo. Kijana naye alikuwa hajamtambua, na alipomtambua alisimama kidogo, halafu akaharakisha kuingia ndani. Pasi alibaki na mkono ndani ya mkoba. Miezi mingi baadaye alikuwa bado anaitaja salamu ile. "Nimemwita mwanangu," alisema. "Kinywa hiki."

Mahakamani tulijifunza kwamba ile bunduki hujiandikia yenyewe. Kila inapobonyezwa huweka saa na urefu. Koplo alikuwa ameandika kwenye maelezo yake kwamba aliitumia mara moja, labda mbili. Mtaalamu aliyeifungua alisoma mbele ya hakimu: mara sita, ndani ya muda usiofika dakika mbili, na mara ya nne ilidumu sekunde kumi na tisa. Wakili wetu alinyamaza, akaangalia saa ya ukutani mpaka sekunde kumi na tisa zikaisha. Sikuwahi kujua kwamba ni ndefu kiasi kile.

"Kwa nini uliendelea?" akamuuliza koplo.

"Alikuwa anajitikisa. Nilifundishwa nibonyeze mpaka mtu atulie."

"Ulifundishwa kwa muda gani?"

"Siku mbili."

"Je, mlifundishwa kuhusu mtu aliyeloa maji? Mtu mgonjwa?"

"Kulikuwa na karatasi," koplo akasema. "Sikumbuki iliandikwa nini."

Hakuwa mtu katili wa kutazama. Alikuwa na jasho, na mikono yake aliifumbata kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nadhani ingekuwa rahisi kwetu kama angekuwa na sura mbaya.

Siku ya pili upande wa polisi ukaleta mkanda uliorekodi ile simu iliyowaita. Walitaka kuonyesha kwamba waliambiwa kuna silaha, ndiyo maana walikuja wamejiandaa. Wakili wetu alijaribu kuuzuia, hakimu akasema usikike. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele kati yangu na Pasi. Nilimwona Pasi akigeuka kumtazama mama yake, nikaona anafungua mdomo, na muda ukawa umekwisha.

Sauti ilikuwa yake, nzito vile vile, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote duniani.

"Haloo. Naomba msaada. Ni mdogo wangu, anaumwa akili, amejifungia bafuni. Hapana, hajampiga mtu. Ana bikari. Ni kitu cha kuchorea duara. Ndiyo, ina ncha. Lakini ni mwalimu, ndugu yangu, ni mwalimu. Njooni polepole."

Wakaonyesha na kile mpokea simu alichokiandika ili kuwatuma polisi. Maneno matano: mwanamume, kichaa, silaha yenye ncha.

Mama hakugeuka. Alibaki ametazama mbele. Baada ya muda alivuta kitambaa chake cha kichwani akakifunga upya, vizuri, kama mtu anayejiandaa kutoka. Alikaa hivyo mpaka hakimu alipoahirisha. Alirudi nyumbani na Pasi. Walipofika uani alisimama mbele ya kile chumba cha karibu na geti, ambacho sasa kilikuwa na mpangaji mwingine, kijana mwenye duka la vocha. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Yule mzee," akasema, "nilimgeuzia mgongo siku anaondoka. Alinishika mkono kuniaga, nikauvuta."

"Mama, nilitaka kukuambia."

"Nimesikia."

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye, kurasa nyingi kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Hakimu alisema moyo wa marehemu ulisimama kutokana na fadhaa kali iliyoletwa na ugonjwa wake. Alisema umeme huenda ulichangia, lakini haikuwezekana kujua kwa kiasi gani. Alisema polisi walitumia nguvu ndani ya utaratibu uliokuwapo, na akapendekeza mafunzo yaongezwe. Koplo alikuwa ameshahamishiwa kituo kingine. Wakili alituambia kuna ngazi nyingine ya kwenda. Alisema hivyo akikusanya makaratasi, bila kututazama, na sisi hatukumuuliza ngazi hiyo ina urefu gani.

Mwezi huo huo mama alihamia kwa mdogo wake, mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Alisema miguu inamuuma na kule hakuna ngazi. Hata hapa hapakuwa na ngazi. Pasi alimfungia mizigo, akampeleka mpaka stendi, akambebea chupa ya maji ya njiani.

Huwa anakwenda kumtembelea kila baada ya miezi miwili. Mara ya mwisho nilimsindikiza, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Mama alitupokea vizuri. Alitutengea maji ya kuoga, akapika, akauliza habari za kazini, za wapangaji, za bomba la uani kama limetengenezwa. Jina la Chaki halikutajwa. Baada ya kula mama mdogo aliingia ndani, tukabaki watatu. Pasi akateremka kwenye kiti, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Unajua."

Mama alimpangusa punje ya wali begani. "Basi lenu linaondoka saa tisa," akasema. "Mkichelewa mtakosa viti."

Tulifika stendi mapema. Pasi alikaa dirishani, akajibana pembeni ili mwanamke mwenye mtoto apate nafasi, akafumba macho bila kulala. Asubuhi yake tulikuwa na zamu ya kwanza. Mashuka ya wodi ya wanaume yalikuwa mengi kuliko kawaida, na akawa anayaingiza moja baada ya jingine, hasemi, na mimi nikawa nayapokea.